Tangi Lisilomwagwa

Fundi mizani alikuwa mtu wa vipimo. Ukimpa jiwe la kilo moja mkononi, atakwambia limepungua gramu ngapi, na ukilipima utakuta kasema kweli. Alizunguka soko kwa soko akirekebisha mizani za wauza nyama, wauza nafaka na wauza vyuma chakavu. Nyumba yake ilikuwa gari.

Zamani gari hilo lilisambaza mikate. Yeye aling'oa rafu zote, akaweka kitanda, jiko dogo la gesi, sinki na kabati la vifaa. Chini ya kitanda alifunga tangi la plastiki la maji safi, lita sitini. Ukikanyaga pampu iliyokuwa sakafuni, maji yalipanda mpaka sinkini. Nyuma, karibu na mlango, alitenga choo kidogo chenye kopo lake la uchafu, la kuchomoa na kwenda kumwaga. Kila kitu kilikaa mahali pake, na waliolichungulia walisifu.

Humo aliishi na mkewe na binti yao wa miaka minne. Binti walimwita Chiriku, maana akifungua macho alifungua na mdomo, na haufungwi mpaka alale. Kwa hiyo mama mtu naye akawa Mama Chiriku. Mwanamke huyu alikuwa mshonaji. Gari likisimama sokoni, alitoa cherehani yake mlangoni, akabadilisha zipu na kupunguza suruali za watu.

Walikuwa na mtoto wa pili pia. Sasa hayupo, na habari zake nitazisema, ingawa kuzisema kunachoma.

Kwanza nieleze habari ya maji. Kujaza tangi ilikuwa kazi ya baba, na hakutaka mkono wa mtu mwingine uguse. Alikulia mahali ambapo maji yalibebwa kichwani mwendo wa saa mbili. Mama yake aliwalea na neno moja: maji hayamwagwi. Mtoto aliyemwaga kikombe alilala na kiu. Neno hilo lilimwingia fundi mpaka kwenye mifupa, na utu uzima haukulitoa.

Basi tazama alivyojaza. Alikuwa na mpira mmoja wa maji, wa kijani. Akifika penye bomba, alianza na kopo la choo, apate kumaliza kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Aliingiza mdomo wa mpira ndani ya kopo kabisa, maji yasiruke nje yakapotea. Akishasuuza, aliufuta mdomo wa mpira kwa kitambaa. Halafu aliuingiza kwenye tundu la tangi, tena ndani sana, mpaka ukazama majini, isidondoke hata tone. Maji ya kwanza ya bomba, yale ya vuguvugu yaliyolala mpirani juani, nayo yaliingia tangini. Ayamwage? Thubutu.

Na tangi lenyewe halikuwahi kukaushwa tangu lifungwe, mwaka wa pili sasa. Yakibaki maji kidogo chini, aliongezea mengine juu yake. Mkewe aliwahi kumuuliza kama si vizuri kulisafisha. Alijibiwa kwamba maji hayaozi, kinachooza ni nyama.

Matumbo yaliwasumbua, ndiyo. Leo huyu, kesho yule. Waliita tumbo la safari, wakalitania. Fundi alisema tumbo lisilonguruma si la msafiri. Vichekesho vingine, Mungu atusamehe.

Sasa yule mtoto wa pili. Alizaliwa na paji la uso lililokunjamana kama la mzee anayedai haki yake, wakamwita Babu. Alinyonya vizuri, akanenepa. Alipofika miezi minne, mama yake fundi alikuja kuwatembelea sokoni, akakaa nao siku tatu. Mtoto akilia usiku, bibi aliguna. Siku ya tatu alitoa hukumu. Alisema maziwa ya mama yameharibika kwa jua na vumbi la barabarani, na mtoto analia kwa sababu ananyonya uchungu. Apewe maziwa ya kopo.

Mama Chiriku alikataa. Alisema mtoto anaongezeka uzito na mizani ya baba yake inaonyesha. Lakini fundi alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akaenda dukani kununua kopo la maziwa na chupa.

Kuanzia hapo Babu alikunywa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya tangi. Maji yalipashwa tu, hayakuchemshwa, kwa sababu gesi nayo ilibanwa. Mikono iliyokoroga ilikuwa ya mama yake. Kumbuka hilo, maana yeye hajalisahau.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kuharisha. Walikuwa njiani kati ya soko moja na lingine. Kadiri alivyoharisha, ndivyo walivyozidi kumpa chupa. Walipofika hospitali macho yake yalikuwa yameingia ndani na machozi hayatoki tena. Alikufa siku ya pili, asubuhi, kabla ya chai.

Msibani bibi alisema mbele ya watu kwamba chupa ilichelewa, maziwa ya mama yalikuwa yameshamuumiza mtoto. Neno hilo lilitembea ukoo mzima. Wanawake walimpa Mama Chiriku pole huku wakimtazama kifuani. Na mumewe? Alikuwa amekaa pale pale, amesikia, akainamisha kichwa. Neno la mkwe lilimuuma Mama Chiriku. Kimya cha mumewe kilimuuma zaidi, na kwa miezi saba alilala kando ya kimya hicho, kitanda kimoja, juu ya tangi lile lile.

Ikafika zamu ya Chiriku. Ilianza Jumatatu, tumbo na homa kidogo. Jumatano akawa amelegea. Bibi alipopigiwa simu hakuzunguka. Alisema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mjukuu wake, akalelewe kwenye nyumba yenye mwanamke anayejua kulea.

"Labda ni bora," fundi alimwambia mkewe baada ya simu.

"Bora kwa nani?"

"Kwa mtoto. Huyu naye akitutoka, utasema nini?"

Hakusema tutasema nini. Alisema utasema nini. Mama Chiriku alilisikia neno hilo lote, akageuza uso. Angejibu nini? Ushahidi hakuwa nao. Kuna saa alijigusa kifua akajiuliza kama kweli ndani yake mna sumu. Mtu ukiambiwa jambo na watu wengi kwa muda mrefu, unaanza kulibeba kama lako.

Siku ile ile waliingia kwenye uwanja wa kuegesha magari, ambapo wasafiri hupata maji. Bomba la pale lilisimamiwa na mwanamke mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Walimwita Bi Koki, kwa kuwa koki ya bomba lile haikufunguliwa bila yeye. Kabla ya hapo alikuwa ameosha matangi ya maji ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, na hakupenda mzaha na maji.

Fundi akatoa mpira wake wa kijani, akaanza na kopo la choo kama kawaida yake. Bi Koki alikuwa anamtazama. Alipomwona anaufuta mdomo wa mpira na kuuelekeza kwenye tundu la tangi, alifunga koki.

"Maji bado," fundi akasema.

"Kwako yamekwisha. Mpira huo umetoka wapi sasa hivi?"

Fundi akajibu kwamba mpira ni safi, ameufuta. Bi Koki akarudia swali lile lile. Aliyejibu ni Chiriku, aliyekuwa amelazwa mlangoni apate hewa. Hata homa haikumziba mdomo.

"Umetoka chooni," akasema. "Baba huanza chooni, halafu ndiyo maji yetu."

Bi Koki alimsogelea mtoto. Akambana ngozi ya tumbo taratibu, akaiachia, akaona inachelewa kurudi. Akamwuliza mama ni lini mtoto ameanza na anakojoa mara ngapi. Kisha akamgeukia fundi na kumwambia habari ya tangi itangoja. Zahanati iko nyuma ya uwanja, hatua mia mbili. Mtoto anayeharisha asipokojoa, hangojewi.

Mama Chiriku alimbeba binti yake mgongoni, akaenda mwenyewe.

Muuguzi wa zahanati alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo. Alimpima mtoto, akasema maji yamempungua mwilini lakini wamewahi. Alifungua pakiti ya unga wa chumvi na sukari unaotengenezwa kwa ajili ya kuharisha, akaukoroga kwenye lita moja ya maji safi. Akamwonyesha mama jinsi ya kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, na akitapika angoje dakika kumi aanze tena. Akampa na vidonge vya zinki vya siku kumi. Alisisitiza mtoto asinyimwe chakula. Mtoto anayeharisha anapoteza maji, kwa hiyo arudishiwe maji, na yawe safi. Halafu akauliza nyumbani wanakunywa maji gani.

Mama Chiriku alieleza. Akajikuta ameeleza yote, mpaka chupa na Babu. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za aibu, iwapo maziwa ya mama yanaweza kuharibikia kifuani kwa jua.

"Hayaharibiki," muuguzi akasema. "Jua haliyafikii. Mtoto wa miezi minne hahitaji kitu kingine, hata maji. Nani alikwambia?"

Mama Chiriku alipokea kijiko. Alikaa pale saa tatu akimnywesha Chiriku kijiko baada ya kijiko. Jioni mtoto alikojoa, akaomba mkate, akaanza kuuliza kwa nini muuguzi ana kalamu tatu.

Kesho yake asubuhi walirudi garini. Bi Koki alikuwa amemwambia fundi afungue kizibo cha chini ya tangi, alimwage. Fundi alikuwa hajafungua. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari na spana mkononi.

"Mna lita thelathini humo," akamwambia Bi Koki. "Nimwage lita thelathini chini?"

Bi Koki hakubishana. Alichukua glasi, akaingia garini, akakanyaga pampu, akatoka na glasi imejaa. Akampa.

"Kama ni mazuri, kunywa. Mtoto yupo, anakutazama."

Fundi aliinua glasi juani. Maji yalikuwa na ukungu, na ndani yake vilielea vinyuzi vyembamba vya kijani. Ukweli ni kwamba alikuwa hajawahi kuyatazama. Siku zote aliyanywa kwenye kikombe cha bati. Aliishusha glasi chini polepole, akashika spana, akalala chini ya gari, akafungua kizibo.

Maji yalitoka na harufu ya nguo iliyoloweshwa ikasahauliwa. Yalipokuwa yanakwisha, ukafuata utelezi mzito kama kamasi, umepangana tabaka kwa tabaka, wa mwaka mzima na zaidi. Bi Koki alieleza kwamba utelezi huo ndio nyumba ya vijidudu. Ukiongeza maji safi juu yake unawapelekea wenyeji chakula. Vijidudu vya choo viliingia kwa mpira, vikakuta joto na giza chini ya kitanda, vikazaana. Watu wazima viliwapa maumivu ya tumbo. Mtoto mdogo vinamwua.

Mama Chiriku alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, akiutazama utelezi ule ukitiririka mchangani.

"Mtoto wa miezi minne," akamwuliza Bi Koki, "akitengenezewa maziwa kwa maji haya. Yamepashwa tu."

Bi Koki alivua miwani.

"Kupasha hakuui kitu, mwanangu. Ni kuchemsha, mpaka yatokote. Sitakudanganya."

Yule mama alikaa chini pale pale, kwenye mchanga uliolowa. Alilia kwa sauti, kilio ambacho msibani hakukitoa, kwa sababu msibani alikuwa mshitakiwa, na mshitakiwa halii vizuri. Alimlilia mtoto wake. Alililia maziwa aliyoyakamua na kuyamwaga sinkini wiki tatu, huku kifua kimejaa na kinauma, mtoto akinyoosha mikono. Aliilaani mikono yake iliyokoroga chupa.

Fundi akatoka chini ya gari, tope mgongoni, akajaribu kumshika bega. Mkewe akalitoa bega.

"Ulisikia wanasema maziwa yangu yameua," akamwambia. "Ulikuwa umekaa pale. Ulisikia."

"Sikujua, mke wangu."

"Mimi pia sikujua. Lakini mimi walinihukumu."

Bi Koki, ambaye aliona vilio vingi hospitalini, alingoja. Kisha akasema kazi imalizwe, mtoto atataka maji ya kunywa, na kwa siku hiyo watumie ya kwake.

Alimfundisha fundi, na safari hii fundi alisikiliza. Walichukua dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile ya kawaida isiyo na manukato wala sabuni. Kwa tangi, mililita moja ya dawa kwa kila lita moja ya maji. Tangi lake la lita sitini likataka mililita sitini, yaani robo kikombe. Kwa mara ya kwanza kipimo chake kilimsaidia mtu wa nyumbani kwake. Alichanganya dawa hiyo kwenye ndoo ya maji kwanza, akaimimina, akajaza tangi mpaka juu. Akakanyaga pampu mpaka harufu ya klorini ikatoka sinkini, ili dawa ipite na kwenye bomba la ndani. Wakaiacha saa nne nzima bila kugusa. Bi Koki alimwonya asichanganye dawa hiyo na sabuni ya choo wala dawa nyingine yoyote, maana hutoa hewa ya sumu. Pia maji hayo ni ya kuoshea tangi, hayanyweki. Baadaye walimwaga yote, wakasuuza mara mbili, mpaka harufu ikaisha.

Mpira wa kijani Bi Koki aliufunga utepe mwekundu na kusema huo ni wa choo mpaka kufa kwake. Fundi alinunua mpira mpya mweupe, wa maji ya kunywa tu. Kila akimaliza aukung'ute maji, aunganishe ncha zake mbili pamoja asiingie mdudu, auweke kwenye mfuko wake, mbali na ule mwingine. Kwanza ajaze tangi, ndipo ashike kopo la choo, na mikono aioshe kwa sabuni. Kabla ya kujaza, aache bomba litiririke kidogo. Mdomo wa mpira usiguse ardhi, wala usizame tangini, ubaki juu ya tundu. Gari likikaa siku kadhaa bila kutumika, amwage na kujaza upya. Kila miezi mitatu, klorini. Na penye bomba asilolijua, maji ya kunywa yachemshwe.

Siku ya kwanza fundi alipoachia bomba litiririke ardhini, aligeuza macho pembeni. Mama Chiriku alimwona, akamwacha.

Wiki tatu zikapita. Chiriku akarudisha mashavu, akawa anawafundisha wateja wa mama yake jinsi ya kujaza tangi, kwa madoido. Tumbo la safari halikurudi kwa yeyote. Mama Chiriku alipumua, lakini hakuwa amecheka. Alimpikia mumewe, akamfulia, akamjibu alipoulizwa. Basi.

Mwisho wa mwezi, simu ikalia. Alikuwa bibi, anataka kujua wako soko gani aje kumchukua mjukuu. Fundi aliweka simu juu ya kabati la vifaa, akawasha spika ili mkewe asikie.

"Mama, mtoto amepona. Haji huko," akasema. "Na lile la Babu. Si maziwa. Ni maji ya tangi langu, niliyojaza mimi kwa mpira wa choo. Wewe ulisema maziwa, mimi nikanunua kopo. Mke wangu hana kosa."

Bibi akakohoa, akasema kwa upole, kama wasemavyo wakubwa wanapotaka jambo liishe:

"Haya, mwanangu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Mama Chiriku aliacha cherehani. Alikuja taratibu, akaichukua simu kabatini, akaishika kwa mikono miwili.

"Yajayo tumeshayaganga, mama," akasema. "Tangi ni safi, Chiriku anakula. Msibani ulisema mbele ya watu. Kawaambie watu wale wale, nyumba kwa nyumba. Kwa sababu hayo yaliyopita, mimi bado ninaumwa."